Watoto wa Uvira na makumbusho ya ziwa lao

Uvira ni mji mrefu usio na upana. Magharibi milima ya Mitumba inasimama wima, mashariki Ziwa Tanganyika linaanza, na katikati kimebaki kipande chembamba cha ardhi ambacho kila familia mpya inakigombania. Kuanzia Kavimvira, jirani na mpaka wa Burundi, mpaka bandari ya Kalundu, mitaa imejipanga kando ya barabara kuu moja. Mji wa namna hii ukitaka kukua una njia mbili tu, kupanda mlimani au kushuka ufukweni. Uvira umezifuata zote mbili, na katika nyumba zilizojengwa kwenye kingo za makorongo, au hatua chache kutoka majini, wamo watoto.

Nani anawafundisha watoto hao mahali wanapoishi? Swali hili linaonekana dogo likiwekwa kando ya vita, njaa na kodi ya nyumba. Nadhani si dogo. Limekwisha kugharimu maisha ya watu, na sehemu ya jibu lake ni kitu ambacho wengi wetu tunakihesabu kuwa anasa ya watalii: makumbusho, tena makumbusho yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto na wazazi wao.

Tuwatazame kwanza wanaoujaza mji. Wapo wenyeji, Wavira, ambao ufukwe huu ni wao tangu zamani. Wapo Wabembe kutoka Fizi, Banyamulenge kutoka nyanda za juu, Warundi wa bonde la Ruzizi, wafanyabiashara wa Bukavu. Na wapo wengi walioshuka kutoka Lemera na vijiji vyake. Lemera iko juu, katika milima inayolitazama bonde la Ruzizi, ndani ya eneo la kichifu la Wafuliiru. Watu wameshuka kwa sababu za kila aina: shule, ndoa, kazi, ugonjwa, na mara nyingi mno risasi. Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, serikali ya mkoa wa Kivu Kusini ilihamia Uvira, huku maelfu ya familia za bondeni zikivuka mto Ruzizi kwenda Burundi. Mji uliokuwa umebanwa ukabanwa zaidi.

Sasa mfikirie mzee wa Lemera. Anaujua mteremko. Anajua shamba lipi litaporomoka mvua ikizidi, ng'ombe wanywe wapi kiangazi kikikaza, mihogo ipi lazima ilowekwe na ipi unaweza kuitafuna shambani. Ujuzi huo kule juu ulitosha kumlea mtoto hadi akawa na mji wake. Akishuka Uvira, nusu yake inabaki njiani. Hajui upepo upi unaamsha mawimbi saa za jioni. Hajui kuwa ufukwe uliokaa mkavu miaka 20 bado ni mali ya ziwa. Mjukuu akimwuliza, babu atajibu, maana hakuna babu anayekubali kunyamaza mbele ya mjukuu, lakini atajibu kuhusu Lemera.

Wazazi nao hawapo. Mama yuko sokoni tangu alfajiri, baba yuko juu ya pikipiki akitafuta abiria, na mlezi halisi wa mchana ni dada wa miaka 9 mwenye mdogo wake mgongoni. Shule ingeweza kuziba pengo. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure, jambo jema lisilopaswa kubezwa, ila madarasa yalifurika na mwalimu akabaki na ubao, chaki na bahati yake. Hana muda wa kuwatoa watoto nje kuwaonyesha mto unaopita nyuma ya ukuta wa shule.

Na mto huo hauwasubiri. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani, na mto Mulongwe ukashuka mjini na mawe, magogo na tope. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, makumi ya maelfu ya wakazi wakalala nje. Milima iliyo juu ya mji ilikuwa imekwisha kunyolewa miti kwa makaa na mashamba, na vitanda vya mito vilikuwa vimejengwa. Mwaka uliofuata ziwa lenyewe likapanda. Maji yakaingia katika nyumba za ufukweni, yakazifunika barabara, na watu wakapita kwa mitumbwi mahali walipokuwa wakipita kwa miguu. Mwaka 2024 yakarudi tena, Uvira na ng'ambo ya pili kule Bujumbura.

Kipindupindu ni uso wa tatu wa maji hayohayo. Mji una bomba la shirika la maji la REGIDESO linalochota maji mto Mulongwe, na bomba hilo hukatika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia wagonjwa wa Uvira kuanzia 2009 hadi 2014, ulionyesha kuwa siku chache baada ya maji ya bomba kukatika, wagonjwa waliolazwa katika kituo cha kipindupindu waliongezeka, na watafiti wakakadiria kuwa karibu robo ya wote waliolazwa walitokana na kukatika huko. Ukitaka kuelewa kwa nini, nenda ufukweni asubuhi ambayo mabomba yamekauka. Watoto wanashuka na bidoni za njano. Mkubwa anaingia majini mpaka kiunoni, anazipita takataka za pembeni, anaisukuma bidoni chini kwa mikono miwili hadi iache kutoa mapovu. Mdogo amebaki mchangani akilinda ndala za wote. Hatua chache nyuma yao akina mama wanaanika ndagala, na mbali kidogo mtu anaosha pikipiki. Yule mtoto anaamini kuwa maji ya mbali na pembeni ni masafi kwa sababu yanaonekana masafi. Hakuna aliyemwonyesha tone moja chini ya hadubini.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema makumbusho yasubiri amani na maendeleo. Makumbusho ya maana kwa mji kama huu yangekuwa chombo cha kuwapa watoto kumbukumbu ambayo babu na bibi zao, kwa kuwa walitoka kwingine, hawana. Ziwa Tanganyika lina historia ya kupanda na kushuka ambayo kila mwenye kiwanja Uvira angepaswa kuijua kabla ya kununua tofali la kwanza. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Katika miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, na maji yakaendelea kujaa. Wapelelezi Cameron, aliyefika hapo mwaka 1874, na Stanley, aliyepita mwaka 1876, walikuta mto ambao ni kama haujaamua kutoka. Mnamo 1878 kizuizi kikapasuka na ziwa likashuka mita kadhaa katika miaka michache. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ukanda ambao leo tunauita mji ilikuwa chini ya maji wakati wa mababu wa mababu zetu. Ziwa likapanda tena mnamo 1964. Kisha 2021, kisha 2024. Mtu anayeiona orodha hiyo hawezi kusema kuwa mafuriko yale yalikuwa ajabu isiyotarajiwa.

Wala si habari ngumu kwa mtoto. Inahitaji nguzo moja iliyosimikwa, yenye alama za miaka. Alama ya 2024 ataigusa kwa mkono. Ya 1878 ataitafuta juu ya kichwa cha baba yake, na bado atakuwa hajaifikia.

Je, kuna mahali karibu ambapo mtoto wa Uvira anaweza kuona kitu cha namna hiyo? Serikali ikiulizwa itataja Kinshasa, na ni kweli Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa huko Novemba 2019 ni mazuri. Korea Kusini ilitoa dola milioni 21 kuyajenga. Lakini Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, na hakuna barabara ya uhakika ya kufika huko. Kwa mwanafunzi wa mtaa wa Kasenga au Kabindula, makumbusho hayo ni picha kwenye simu ya mjomba.

Karibu zaidi ni Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Wabelgiji waliijenga Lwiro kuwa makao ya IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati iliyoanzishwa mwaka 1947, na majengo yake ya matofali yangali yamesimama, pamoja na maktaba na makusanyo ya wanyama, ndege na wadudu. Tangu 2002 pana pia kituo cha kuwatunza sokwe walionusuriwa kutoka kwa wawindaji na wafanyabiashara, na shule za eneo hilo zimekuwa zikipelekwa huko kuwaona na kuelezwa kwa nini hawaliwi. Kazi hiyo ni nzuri. Ila kutoka Uvira kwenda Lwiro ni safari ya siku nzima ikiwa njia iko wazi, na miaka hii njia haiko wazi.

Anabaki jirani wa ng'ambo. Bujumbura iko chini ya kilomita 30 kutoka Uvira, na ina Musée Vivant, makumbusho hai yaliyofunguliwa mwaka 1977 karibu na ufukwe wa ziwa. Ndani yake kuna mamba, nyoka, samaki, nyumba ya asili ya kifalme iliyoezekwa kwa nyasi, ngoma, vyungu. Hayana ukubwa wa kumshangaza mtu aliyeona makumbusho ya Nairobi na bustani yake ya nyoka ya mwaka 1961. Yana sifa nyingine: familia ya kawaida inaweza kuingia Jumapili, mama akaketi kivulini, watoto wakazunguka, na wote wakatoka baada ya saa moja wakiwa na la kuongea njiani.

Yana pia somo la kutisha kidogo. Wasafiri wengi wamesimulia jinsi mgeni alivyoweza kununua simbilisi au sungura ili atupiwe mamba mbele ya macho ya watazamaji. Watoto hawasahau tukio hilo, na swali ni wanachokumbuka. Mimi naona kuwa mnyama hai ndiye anayewarudisha watoto mlangoni, hilo halina ubishi, lakini mnyama hai anakula kila siku, hata siku ambayo bajeti haijafika. Makumbusho yanayoanza na chui na kuishia na chui aliyekonda yamewafundisha watoto ukatili kwa kiingilio. Uvira isianze huko.

Na haina haja ya kuanza huko, kwa sababu tayari ina hazina ambayo wakazi wake wengi hupita mbele yake bila kugeuza shingo. IRSAC ile ya Lwiro ilikuwa na tawi Uvira kwa ajili ya ziwa. Leo linaitwa Centre de Recherche en Hydrobiologie, CRH. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Kibelgiji Georges Marlier alifanya kazi hapo, na mwaka 1959 akamwelezea kwa ulimwengu wa sayansi samaki mdogo wa miambani kutoka Bemba, kusini mwa Uvira, anayeitwa kitaalamu Tropheus duboisi. Akiwa mchanga samaki huyu ni mweusi mwenye madoadoa meupe kama anga la usiku. Akikua madoadoa yanafutika na anabaki na mkanda mmoja kiunoni. Leo yuko katika vioo vya sebuleni Ujerumani, Japani na Marekani, ambako wafugaji wa samaki wanalijua jina la Bemba kuliko wanavyoijua Kinshasa. Mtoto wa Uvira, aliyezaliwa saa chache tu kutoka kwenye miamba hiyo, hajawahi kumwona.

Nikipewa chumba kimoja tu ndani ya makumbusho hayo, ningekijaza samaki wanaolea, kwa kuwa ziwa hili lina kila aina ya mzazi. Mama wa Tropheus anayakusanya mayai yake kinywani na kukaa nayo karibu mwezi mzima, mpaka watoto wanapoweza kuogelea wenyewe. Kuhe, mkubwa kuliko ndugu zake wote wa jamii ya perege na kitoweo kinachoheshimika sokoni Uvira, watoto wake hulindwa na baba na mama pamoja. Halafu yuko kambare mwenye madoa, Synodontis multipunctatus, ambaye hulea kwa wizi: anavizia wakati wale wanaobeba mayai kinywani wanapotaga, anachanganya mayai yake humo, na yakianguliwa mapema makinda yake yanawala watoto wa mwenye kinywa. Mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1986. Hakuna mama atakayesimama mbele ya picha hiyo bila kusema neno, na neno hilo ndilo ninalolitafuta. Mtoto hujifunza pale mzazi wake anaposhangaa pamoja naye.

Japani haikutajwa hapo kwa bahati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kufanya kazi na kituo cha Uvira mwishoni mwa miaka ya 1970, wakapiga mbizi mwaka baada ya mwaka kwenye fukwe zetu. Mmoja wao, Michio Hori, alieleza mwaka 1993 habari za samaki wanaokula magamba ya wenzao: wengine midomo imepinda kulia, wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu mmoja tu. Wa kulia wakizidi, walengwa hujifunza kuulinda ubavu huo, na wa kushoto wananufaika, kisha mambo yanageuka. Habari hiyo ilisomwa duniani kote. Wavuvi wa Kalundu, ambao mitumbwi yao iliwapeleka wageni hao, na watoto wao, hawakupata hata bango moja la kuwaeleza kilichoonekana chini ya maji yao.

Dhuluma hii haisemwi sana. Tunalalamika kuhusu vinyago vilivyopelekwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na tuna haki. Mwaka 2022 mfalme wa Ubelgiji alikabidhi Kinshasa kinyago kimoja cha Wasuku, na dunia nzima ikaandika. Lakini samaki waliokusanywa katika msafara mkubwa wa Wabelgiji wa 1946 na 1947 nao waliishia Ubelgiji, na maarifa yaliyotokana nao yameandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Kinyago kinaweza kurudishwa kwa ndege. Maarifa yanarudishwa kwa kumweleza mtoto kwa lugha anayoielewa, na kwa Uvira lugha hiyo ni Kiswahili. Maandishi ya ukutani yaanze kwa Kiswahili, kikubwa na cha wazi, Kifaransa kifuate chini.

Wazee watataka pia pawe na nafasi ya ujuzi wao, na wana la kutoa. Mvuvi wa ndagala anajua kuwa samaki huyo hupanda karibu na uso wa maji usiku na kushuka mchana, ndiyo maana anavua kwa taa, na ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kamili taa haina kazi, mashua zinapumzika na bei sokoni inapanda. Mwanasayansi ataongeza kwamba chini ya mita 100 hadi 200 hivi maji ya Tanganyika hayana oksijeni, kwa hiyo ziwa lenye kina cha mita 1,470 lina uhai wa samaki katika tabaka jembamba tu la juu. Wawili hao wakiketi mbele ya darasa moja, mtoto ataelewa kwa nini nchi za ziwa zimekubaliana kufunga uvuvi kwa miezi 3, kama Tanzania ilivyofanya kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Baba yake akirudi nyumbani amekasirika kwa kukosa kazi, angalau kutakuwa na mtu wa kujadiliana naye.

Hata historia ya wageni ina kichekesho chake. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858 wakitafuta chanzo cha Nile, wakaambiwa hapo hapo kuwa Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Ulaya iliendelea kubishana hadi Livingstone na Stanley walipopiga makasia kutoka Ujiji hadi mdomo wa mto huo, Novemba 1871, wakaona kwa macho yao. Miaka 13 ya ubishi kuhusu jambo ambalo mtoto yeyote wa Kavimvira angewaonyesha kwa kidole.

Sasa nirudi Lemera, maana kuna jambo ambalo haliwezi kukwepwa. Hospitali ya Lemera ilianzishwa na wamisionari Wapentekoste wa Uswidi, na ndipo Denis Mukwege, aliyepata tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alipoanzia udaktari wake. Tarehe 6 Oktoba 1996 ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi. Majuma machache baadaye, tarehe 23 Oktoba, yalitangazwa makubaliano yaliyozaa muungano wa waasi wa AFDL, yakapewa jina la Lemera. Kwa hiyo kijiji hiki kidogo kiko katika vitabu vya dunia kwa damu. Kusini mwa Uvira iko Makobola, ambako watu waliuawa kwa wingi mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999. Ng'ambo ya mpaka iko Gatumba, ambako wakimbizi, wengi wao Banyamulenge, waliuawa Agosti 2004. Kila jamii ina makaburi yake na orodha yake ya wauaji.

Wapo wanaosema makumbusho ya kwanza ya Uvira yawe ya vita. Nawaelewa. Watu waliokufa bila kuandikwa wanastahili kuandikwa. Lakini ukianza na vita katika mji ambao majirani wa ukuta mmoja wana orodha zinazopingana, kikao cha kwanza cha kamati kitakuwa cha mwisho. Na watoto wadogo hawapaswi kupewa maiti kabla ya kupewa samaki. Ukumbusho wa Kigali, uliofunguliwa 2004, una chumba cha watoto waliouawa, chenye picha zao, chakula walichopenda, mchezo waliocheza. Mtu mzima hutoka humo hawezi kusema. Chumba hicho kilijengwa na taifa lililokwisha kuwa na simulizi moja rasmi. Sisi bado, na sidhani tutakuwa nayo karibuni.

Msidhani nasema kwamba maji hayana siasa. Nani ana haki ya ufukwe, nani alimuuzia nani kiwanja kitandani mwa mto Kalimabenge, nani alikata miti ya mlimani: hizo ni kesi zilizo mahakamani na nyingine ziko mioyoni. Tofauti ni kwamba mafuriko ya 2020 hayakuuliza kabila mlangoni. Mtoto wa Mfuliiru na mtoto wa Mbembe wakisimama mbele ya nguzo ile ya miaka, wote wawili wanatafuta nyumba yao iko chini ya alama ipi. Wakizoea kusoma pamoja habari ya maji, siku moja huenda wakaweza kusoma pamoja habari ya 1996. Nasema huenda.

Fedha? Ni pingamizi la haki, na jibu langu halihitaji dola milioni 21. Kituo cha utafiti kama hiki huishi na samaki waliohifadhiwa chupani, madaftari ya vipimo, ndoo na nyavu. Vitu hivyo ni makumbusho tayari, vikikosa tu mtu wa kuvieleza. Awamu ya kwanza ni chumba kimoja, hadubini moja, nguzo moja nje, bango la samaki wanaolea, ramani ya mji inayoonyesha mito ilipopita 2020, na mwalimu mmoja anayejua kuongea na watoto. Pawe na bomba la maji safi na choo, maana mama hatakaa mahali ambapo mtoto hana pa kujisaidia. Pawe na benchi. Kiingilio cha mtoto kiwe bure, na mtu mzima akija na mtoto naye aingie bure, ili dada wa miaka 9 asizuiwe kwa sababu ana mdogo mgongoni.

Tusiache Lemera nje. Mara moja kwa mwaka mkusanyo uchukuliwe upande mlimani, kwa sababu kile kinachowafika wa bondeni huanzia huko: mti unaokatwa juu ndio jiwe linaloanguka chini. Mtoto wa Lemera atakayeshuka mjini akiwa na miaka 15 afike akiujua ufukwe, kama mtoto wa Kalundu anavyopaswa kujua kwa nini mlima ulio nyuma ya nyumba yao umekuwa mtupu.

Usalama ndio sitaupamba. Kuna majuma ambayo mzazi mwenye akili hamtoi mtoto nje ya ua. Hata hivyo shule hufunguliwa tena, soko hufunguliwa tena, makanisa hujaa, na chumba kimoja chenye chupa za samaki kinaweza kufungwa na kufunguliwa kwa namna hiyohiyo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walio na funguo: wasimamizi wa kituo, halmashauri ya mji, wakuu wa shule kuanzia Kalundu hadi Kavimvira. Msisubiri jengo jipya wala mfadhili. Chagueni Jumamosi moja alasiri, fungueni lango, toeni chupa chache mezani, mwiteni mvuvi mmoja na mtafiti mmoja, na mfanye hivyo kabla ya mvua za Aprili.